Daraja la Lubuk Pauh na Serikali Zake Mbili

Jumamosi, 3 Novemba

Daraja limeondoka. Alfajiri mto ulijaa, gogo kubwa likaja kutoka juu, likaligonga mara moja tu. Basi. Mbao zote zimekwenda baharini.

Msiba mkubwa. Ng'ambo yuko binti yetu wa pekee, Rubiah, mimba ya mwezi wa tisa, na mumewe yuko mbali, kule Johor, anajenga maghorofa ya watu. Kumfikia kwa barabara ni kuzunguka mjini, saa moja na nusu, na mvua ikizidi barabara yenyewe itakuwa mto. Mke wangu Som amelia. Nimelia naye.

Lakini shajara haidanganywi. Moyoni nilifurahi kidogo. Daraja! Hatimaye kuna kitu cha kuleta!

Niandike wazi, wajukuu waje waelewe. Jimbo letu linatawaliwa na chama kimoja, serikali ya shirikisho kule Kuala Lumpur na kingine, na hawaamkiani. Kwa hiyo kijiji hiki kina wenyeviti wawili. Wa jimbo ni Lazim, kaka yake Som. Wa shirikisho ni mimi, Deraman bin Jusoh. Yeye ana muhuri, mimi nina muhuri. Wangu mkubwa.

Jumapili, 4 Novemba

Nimeandika barua kwa watu wa shirikisho wilayani. Kurasa tatu. Nimetumia neno "dharura" mara kumi na nne.

Mkahawani nikaambiwa Lazim alishapita na pikipiki tangu asubuhi, barua mfukoni, kwenda kwa watu wa jimbo, maana kwetu Jumapili ni siku ya kazi. Hakunywa hata chai! Mtu asiyekunywa chai ana hila.

Som anasema tuandike barua moja, tutie sahihi wote wawili, tuipeleke kote kote. Nimecheka. Bango la uzinduzi lingeandikwa jina la nani? Wanawake hawaelewi utawala.

Jumanne, 6 Novemba

Ofisa wa shirikisho amepiga simu. Kijana mpole, sauti kama anasoma khutba. Anasema mto ni wa jimbo, kingo za mto ni za jimbo, na njia ya kijiji ni ya jimbo. Wao hawana mkono. Labda, akasema, njia hiyo ingekuwa inakwenda shule. Shule ni za shirikisho.

Njia yetu inakwenda kwa Rubiah, kwenye mashamba ya mipira, na makaburini.

Nimefikiri hadi chai ikapoa. Halafu nikacheka peke yangu. Inatakiwa shule? Itapatikana shule.

Nimepaka rangi ubao: SHULE YA AWALI. Nimezunguka nao kwa pikipiki, saa moja na nusu kwenda, mvua usoni, nikaupigilia kwenye banda la mbuzi la Wak Dollah, jirani wa Rubiah kule ng'ambo. Mzee akatoka, akautazama, akauliza mbuzi wake wako darasa la ngapi. Nikamwambia hili ni jambo la kitaifa. Akasema sawa, ila yule beberu amerudia mwaka.

Nimepita kwa Rubiah. Miguu imemvimba. Ameniuliza daraja lini. Nimemwambia wiki hii. Alinishika mkono akasema, "Baba, usinifanyie siasa." Mtoto huyu kamfuata mama yake.

Alhamisi, 8 Novemba

Balaa! Mhandisi wa jimbo amekuja. Kamba ya kupimia, vigingi vyekundu, viatu vya mpira. Lazim nyuma yake, kifua mbele kama jogoo aliyetaga yai. Wamepima kingo zote mbili.

Nimesimama pale nikiona maisha yangu yanaisha. Daraja la Lazim! Kila nikienda kumwona binti yangu nikanyage jina la Lazim!

Nikamsogelea mhandisi. Kwa upole. Nikamwambia asihangaike, shirikisho wameshakubali, saruji iko njiani. Sikusema uongo mkubwa. Nilisema uongo wa kati.

Mhandisi alifurahi ajabu. Akafunga faili palepale, akanishika mkono kwa mikono miwili, akasema, "Afadhali, mzee, mmetuokolea saruji." Amekwenda, vigingi akaviacha. Lazim alikuwa kwenye kichaka anajisaidia. Hakujua kitu.

Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumapili, 11 Novemba

Leo zamu yangu. Mhandisi wa shirikisho amefika na gari jeupe. Nimemwonyesha shule, kwa mbali, ng'ambo ya maji. Ameridhika. Ametoa kalamu. Kalamu ilikuwa juu ya karatasi!

Ndipo mbuzi wakatoka shuleni. Wote. Beberu mbele.

Nikasema ni mapumziko. Angalau angecheka. Hakucheka. Na nani akatokea sasa? Lazim. Akamwonyesha vile vigingi vyekundu, akasema kwa adabu zote kwamba jimbo limeshapima na linajenga, kwa hiyo shirikisho wasijisumbue. Nyoka! Mtu gani anamfanyia shemeji yake hivyo?

Kalamu ikarudi mfukoni. Gari jeupe likageuka.

Jumatatu, 12 Novemba

Barua mbili kwa mpigo. Jimbo wanalipongeza shirikisho kwa kutujengea daraja. Shirikisho wanalipongeza jimbo kwa kutujengea daraja.

Som amezisoma zote mbili kwa sauti, mbele yangu na mbele ya Lazim, aliyekuja kuniambia mimi ndiye mwenye makosa. Nilingoja apige kelele. Hakupiga. Hapo ndipo nilipoogopa.

Lazim akajitetea kwamba ndiyo siasa, fahali wawili wakipigana lazima nyasi ziumie.

Som akakunja barua. "Fahali gani, kaka? Fahali wako kule, wamelala. Nyinyi ni kupe. Kila mmoja na ng'ombe wake."

Akachukua panga, akatoka.

Jumanne, 13 Novemba

Kijiji kizima kiko mtoni. Som ndiye msimamizi. Hana muhuri wala cheo, na kila mtu anamtii! Minazi mitatu ya Lazim imeangushwa bila barua ya ruhusa. Mianzi yangu yote imekatwa kuwa ya kushikilia. Nikauliza kama kuna fomu ya kutolea mianzi. Mtu mmoja akaniambia nishike kamba.

Nilishika kamba. Lazim alikuwa kwenye kamba hiyohiyo, mbele yangu. Tumevuta mchana kutwa bila kuzungumza. Ana mgongo mpana, nilikuwa nimesahau. Alasiri shina la tatu likakaa juu ya mto, ukingo hadi ukingo.

Som ametangaza: watu sita kwa wakati mmoja, asizidi mtu.

Mawingu meusi upande wa bahari. Mikono imechubuka. Sijui kwa nini nina furaha.

Alhamisi, 15 Novemba

Adhuhuri uchungu umemshika Rubiah. Barabara ya kuzunguka ilishafunikwa na maji tangu jana.

Mkunga Mak Yah, miaka sitini na tano, mwili mkubwa, mkoba kichwani, amevuka juu ya minazi mvua ikimpiga. Som mbele yake anamshika mkono. Mimi nimeshikilia mianzi upande huu, Lazim kaingia majini hadi kifuani, anashikilia shina lisicheze. Maji yalikuwa ya rangi ya chai, yanakwenda kasi, yamebaki shubiri moja kuyafikia mashina. Sijawahi kuogopa hivyo. Niliomba dua zote ninazozijua, nyingine mara mbili.

Alasiri Som akatoka mlangoni ng'ambo, akapiga kelele: msichana! Wote wazima!

Nimekaa chini kwenye matope nikalia. Lazim akaja akakaa kando yangu, naye analia. Tumekumbatiana. Kwa muda wa kama robo saa kijiji hiki hakikuwa na serikali yoyote.

Jumamosi, 17 Novemba

Habari zimefika mjini. Kumbe gazeti limeandika! Jimbo wanataka kulizindua daraja. Shirikisho wanataka kulizindua daraja. Wote leo, saa nne.

Sikumwambia Lazim kwamba nimealika wageni. Yeye pia hakuniambia. Urafiki wa siku mbili huo.

Barabara imeshatoka majini, basi wa jimbo wakazunguka wakasimama ukingo ule, wa shirikisho ukingo huu, kila upande na utepe wake na mkasi wake. Waheshimiwa wakayaangalia yale mashina matatu, wakasema wataongea wakiwa palepale walipo. Basi nikachukua bango langu, msumari mdomoni, nikaenda katikati. Lazim naye akaja na lake. Nikamwambia asogee. Akaniambia nisogee mimi. Nikainama nipigilie kwanza.

Mwanzi ulikatika.

Siwezi kuogelea. Naandika hivyo kwa sababu kijiji kizima sasa kinajua. Nilikunywa mto mwingi. Mkono ukanikamata ukosi, ukaniburuta hadi matopeni. Wa Lazim. Mabango yetu yalikuwa yanakwenda baharini pamoja.

Som hakuja kunipa pole. Alikuwa anakagua daraja. Liko zima.

Jumatatu, 19 Novemba

Niko kitandani kliniki, homa. Lazim ameniletea uji wa wali, amenilisha kwa kijiko. Amesema, "Shemeji, tumekuwa vichekesho. Tuunde kamati moja, Som awe mwenyekiti." Nimemwambia amesema kweli. Tumeshikana mikono. Nilimaanisha kabisa. Rubiah amekuja na mtoto, amemlaza kifuani pangu. Ana pua yangu.

Walipoondoka nikalala nikiangalia dari. Muuguzi alipokuja na dawa nikamuuliza, kwa mazungumzo tu, kliniki hii ni ya nani. Akasema ya shirikisho, mzee, afya yote ni ya shirikisho.

Hebu. Mto ni wa jimbo. Homa ni ya shirikisho. Mtu aliyeumizwa na serikali zote mbili kwa dakika moja, anadai fidia ngapi?

Nimemwomba karatasi mbili za barua. Lazim asijue. Naye alilowa, anaweza kudai.