Markizi Asiyekula na Idara ya Minong'ono

Kwa unyenyekevu mkubwa, nautangazia umma wa Venisi na visiwa vyake kwamba Idara ya Kusimamia Minong'ono Inayohusu Waungwana ilifunga msimu wa karnivali kwa mafanikio makubwa. Mafanikio hayo yanahitaji maelezo kidogo, na kwa kuwa mimi, Anzolo Scarpetta, ndiye katibu wa Idara, maelezo ninayo mimi.

Sheria yetu ilikuwa moja, fupi na nzuri. Mtu asiye muungwana haruhusiwi kumsengenya muungwana bila kibali. Anayetaka kibali hujaza fomu akaeleza anataka kumsengenya nani, kwa sauti ya kiasi gani, na mbele ya watu wangapi. Katika miaka minne tulitoa kibali kimoja, kwa mzee wa kisiwa cha Murano ambaye alifariki kabla hajakitumia. Tukahesabu hayo kuwa utekelezaji wa kuridhisha.

Karnivali ile ndipo ukumbi mmoja wa michezo ulipoanza kuonyesha komedi ya mapenzi. Ndani yake Markizi Torquato anampenda Kontesa Isaura mpaka hali, halali, na kila akifika chini ya dirisha lake anazimia. Kontesa naye anamtazama kama anavyotazama mvua. Kufumba na kufumbua, mji mzima ukawa hauna habari nyingine. Wapiga makasia walikaribia kutupana mferejini wakibishana kama Kontesa ana roho mbaya au ana haya tu. Wafua nguo walisimamisha kazi. Watu waliulizana habari za Markizi kabla ya kuulizana habari za wagonjwa wao wenyewe.

Maofisa wetu waliweka masikio darajani, na hapo wakamnasa Menega, mama anayeuza maboga ya kuoka. Ripoti inasema alimwambia mteja maneno haya:

"Markizi jana kazimia mara mbili, shoga. Na yule Kontesa wake, mtazame hivyo hivyo! Barua za mwanamume mwingine kazificha kifuani, mimi nakwambia."

Wakamzoa papo hapo. Adhabu ilikuwa kifungo mpaka Pasaka na kupoteza nafasi yake darajani. Nyumbani alikuwa na mume aliyevunjika mguu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuwasha jiko. Nilimweleza kwamba Idara inasikitika.

"Sikitikeni tu," akasema. "Mie nauza maboga. Sijauza mtu."

Nilimpelekea faili mkuu wetu, Mheshimiwa Polidoro Zancani, mseja wa miaka hamsini na miwili, mwenye wigi zito kuliko yote mjini.

"Mheshimiwa," nikasema, "kuna kajambo kadogo. Huyu Markizi ni wa kwenye mchezo."

"Ni muungwana au si muungwana?"

"Ndani ya mchezo ni muungwana."

"Na huyo mama alimsengenya ndani ya mchezo?"

"Hapana, alimsengenyea darajani."

"Sasa tatizo liko wapi, Scarpetta?"

Nikamsogezea kidau cha wino, na ndiyo maana yeye ni mkuu na mimi ni katibu. Siku hiyo hiyo akatia saini amri inayowatambua Markizi Torquato na Kontesa Isaura kuwa waungwana kamili wa mji huu, wenye haki zote, hadhi zote na ulinzi wote. Tukabandika nakala kila soko. Kesi ikapangwa kesho yake asubuhi.

Ukumbi wa Idara, ambamo Mheshimiwa ndiye hakimu, ulijaa hadi ngazini. Mstari wa mbele alikaa Donna Orsola, mama mzazi wa Mheshimiwa, ambaye hakuwahi kukosa kesi ya mwanawe. Mlalamikaji akaitwa. Akaingia Bortolo Pezzin, mwigizaji, mtoto wa fundi viatu, akiwa na upanga wa mbao na hereni, kwa sababu hati yetu ilimwita Markizi naye hakutaka kudharau Serikali.

"Mheshimiwa Markizi," nikamuuliza, "ni kweli ulizimia mara mbili?"

"Mara tatu," akajibu Bortolo. "Ya tatu watu walikuwa wanapiga makofi, hawakuona."

"Kwa hiyo mshtakiwa alipunguza."

"Alinipunja, ndiyo."

Nikaandika: kosa limethibitika, na ni baya kuliko tulivyodhani.

Kisha akaitwa Kontesa, yaani Zanetta Torresan, mwigizaji, jirani wa Menega ukuta kwa ukuta. Yeye alikuja na shali yake ya kila siku. Hakunitazama mimi. Alimtazama Mheshimiwa.

"Kabla sijasema, naomba kuuliza. Mimi ni Kontesa?"

"Kwa amri niliyoitia saini," akasema Mheshimiwa.

"Kontesa wa kweli, au wa kesi tu?"

"Saini yangu haina nusunusu, bibie."

"Asante. Bwana katibu, sheria inasemaje mwanamume muungwana akimwahidi ndoa mwanamke muungwana kwa maandishi?"

Nikafungua kitabu, maana kitabu ndiyo kazi yangu. Nikasoma kwa sauti kwamba mwanamume huyo anatakiwa kumwoa ndani ya siku arobaini, na hakuna rufaa.

Zanetta akaingiza mkono kifuani akatoa kifurushi cha barua. Watu wakavuta pumzi. Menega, kizimbani, akasema taratibu, "Si niliwaambia?"

"Zipo kumi na moja," akasema Zanetta. "Nilipomuuliza aliyeziandika kama anayo nia ya kweli, alicheka. Akasema ahadi kwa mwigizaji ni sehemu ya mchezo. Basi nisome."

"Si lazima," akasema Mheshimiwa.

"'Kontesa wangu Isaura,'" akasoma. "'Sili, silali. Leo tena nimerudisha sahani ya maini na vitunguu bila kuigusa. Sema neno nami nitakuoa, hata dunia ikinicheka. Wako hadi kaburini, Polidoro.'"

Mheshimiwa akasimama. Akaketi. Akatoa leso afute jasho, akafuta wigi.

Donna Orsola akanyanyuka na fimbo yake. "Polidoro! Kumbe ndiyo maana maini yanarudi jikoni? Nimemfukuza mpishi mimi!"

Bortolo, upande wa walalamikaji, hakucheka. Aliinama mbele akamtazama Mheshimiwa kwa makini, kama fundi anayechukua vipimo.

"Futa amri," Mheshimiwa akaninong'oneza.

"Fomu ya kufuta inataka sababu, Mheshimiwa."

"Andika… andika kwamba watu hao hawapo."

"Kama hawapo, mshtakiwa alimsengenya nani?"

"Hakuna," akasema.

"Basi niende nikawashe jiko?" akauliza Menega, na hakungoja jibu.

Zanetta akamsogelea Mheshimiwa akaziweka barua mbele yake, zote kumi na moja. Alisema kwa sauti ya chini, lakini mimi nilikuwa karibu, na sheria hainizuii kusikia.

"Mimi naitwa Zanetta. Hukuliandika jina langu hata mara moja. Ungeliandika, labda tungezungumza."

Akajifunika shali yake akatoka.

Wiki mbili baadaye Mheshimiwa alifunga Idara kwa saa za alasiri akanichukua kwenda ukumbi wa michezo, kufanya tathmini. Tulikaa ghorofani. Mchezo ulikuwa umebadilika. Markizi wa sasa alikuwa na wigi kubwa ajabu. Hakuzimia tena. Alisimama chini ya dirisha, akaketi, akasimama, akatoa leso akafuta wigi, na ilipoletwa sahani akaisukuma kando kwa kidole kimoja, polepole, kama mtu anayemuaga mzazi. Ukumbi mzima ulikufa kwa kicheko. Nusu yao walikuwa wamelipia kiti, kisha wakatazama ghorofani kwetu badala ya jukwaani.

Mheshimiwa hakuwaona. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

"Scarpetta," akasema, "kijana huyu zamani alikuwa anapiga kelele tu. Sasa anayajua mapenzi. Nani kamfundisha?"

"Inasemekana ni mtu wa hapa hapa mjini, Mheshimiwa."

"Ni mtu aliyeteseka huyo. Aandikiwe barua ya shukrani za Serikali. Leo leo."

Nilirudi ofisini nikaiandika kwa mwandiko wangu bora, nikapiga lakiri. Kisha, kwa kuwa Idara haijawahi kuchelewesha barua, nikaivusha upande wa pili wa ofisi, hatua sita, nikaiweka mezani kwa Mheshimiwa, nikamwachia kitabu atie saini kuwa amepokea.

Akatia.