Fimbo za Mama Hansa

Alhamisi, 18 Septemba
Bahati imeingia karakanani yenyewe, hapa Kizota! Mama Hansa, Mhindi mwenye duka la vitambaa mjini, kaagiza fimbo arobaini. Fupi, mbili mbili kwa kila mtu, watoto na bibi yao wakiwemo. Kasema ni za siku tisa za Navaratri. Nikaitikia kama mtu anayejua. Siku tisa za fimbo! Nani kawachokoza? Sikuuliza. Fundi akiuliza sana, mteja huhamia kwa Edward, ng'ambo ya barabara. Na Mama Hansa anajenga nyumba, makabati yote ya jikoni bado hayajapata fundi. Nayataka hayo makabati mpaka nayaota.

Ijumaa, 19 Septemba
Mke wangu Dorkasi kasema niulize fimbo ni za nini. Fimbo ni fimbo. Mimi Mgogo, nimekulia machungani, nifundishwe fimbo? Nimechagua mkambala, mti mgumu kuliko roho ya Edward. Kila fimbo nimeiachia kirungu kichwani, bure. Mama Hansa hakuagiza kirungu. Atashangaa.

Jumamosi, 20 Septemba
Kashangaa. Nimempelekea nyumbani, kainua moja kwa mikono miwili, akaishusha. Mama mkwe wake, bibi wa nyumba, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku anakitazama kirungu. Wakauliza kama nimewahi kuiona sikukuu yao. Nikasema mara nyingi. Basi nimealikwa Jumatatu jioni. Nitavaa buti.

Jumanne, 23 Septemba
Bado sielewi nilichokiona jana. Familia nzima inazunguka taa iliyowekwa katikati, nguo zinameremeta. Ngoma inalia, wanagonganisha fimbo, kisha kila mmoja anamwacha mwenzake na kuhamia kwa mwingine. Hakuna aliyeshinda. Hakuna hata aliyekasirika! Na fimbo zenyewe nyepesi, zimepakwa rangi. Za Edward. Kumbe Mama Hansa alipita kwake Jumamosi ile ile, naye akamuuliza za nini. Mbea mkubwa huyo.

Wakanivuta duarani. Bibi akanijia, fimbo juu. Ningefanya nini? Mikono ikakumbuka machunga: nikakinga, nikarudisha. Fimbo yake ikaruka hadi kwenye sinia la ladu, vitamu vyao vya mviringo. Ngoma ikanyamaza. Nikayaona makabati yangu yakivuka barabara kwenda kwa Edward. Bibi akautazama mkono wake mtupu, akacheka hadi akakaa chini.

“Mjukuu wangu,” akasema, “hapa hatupigani, tunacheza. Ungeuliza tu.”

Jumatano, 24 Septemba
Bibi kanitetea! Mama Hansa kasema makabati yatangoja hadi Diwali, sikukuu yao nyingine, na kwanza atanijaribu kwa kazi ndogo. Nimtafutie vibakuli mia vya udongo, vya kutia mafuta na utambi, wavipange vikiwaka mlangoni na juu ya ukuta siku hiyo. Edward hajui lolote.

Taa mia, na nyumba ina umeme? Hawa wanaogopa umeme kukatika, hakuna jingine. Dorkasi kasema niulize. Nimemwambia somo nimelipata, sasa nawajua watu hawa. Nimeshamwagiza Yudith mfinyanzi, na nimeongeza kitu ambacho Mama Hansa hakukifikiria. Upepo wa Dodoma naujua mimi. Kila kibakuli kitakuwa na kifuniko, kizito, kinachobana sawasawa.