Katalizeri ya Mama Germaine

Jumanne, 9 Julai 2024
Mama Germaine ameleta gari kwenye gereji yangu, mtaa wa Kasuku. Linapanda mlima kama mgonjwa. Ana magari matatu ya kubeba watu mpaka Pangi, na kasema wazi: fundi atakayelitengeneza hili kabla ya Jumamosi, binti yake Joëlle anapoolewa, yeye njo atayatunza yote matatu. Atakayeshindwa, asimsalimie tena.

Gédéon, fundi wa ng'ambo ya barabara, alivuka bila kuitwa. Ana cheti cha Lubumbashi, amekitundika ukutani kama picha ya marehemu. Katalizeri, kile kichujio cha moshi chini ya gari, imeziba, akasema, iagizwe mpya Goma, majuma matatu. Majuma matatu! Harusi iko baada ya siku nne! Nikasema mimi naitoa, naweka bomba tupu. Akaniita daktari wa baiskeli. Mbele ya mteja!

Jumatano, 10 Julai
Chini ya gari tangu asubuhi. Bolti nne. Mbili zilitoka kwa ufunguo, ya tatu kwa moto na matusi. Ya nne ilikatika, ikaniangukia jichoni. Nne kwa nne. Ushindi!

Ndani ya katalizeri ni kama sega la asali lililojaa masizi, hata siafu hapiti. Imeziba kweli. Gédéon alibahatisha.

Alhamisi, 11 Julai
Soko lote, bomba hakuna. Nimeikata baiskeli yangu ya vita. Mwaka 1999 niliisukuma hadi Obokote na kilo mia moja hamsini za chumvi, siku kumi na moja, wakati Gédéon anakaa kwenye dawati. Kanku, mke wangu, kauliza kama nina wazimu. Nimemjibu chuma ni chuma. Bomba la fremu ni jembamba, ndiyo, lakini moshi si ng'ombe. Lina tundu moja dogo. Sikuliziba. Acha lipumue.

Ijumaa, 12 Julai
Gari limepanda kilima na watu tisa! Linapiga filimbi kidogo. Kama treni, kusema kweli. Gédéon kaziba masikio. Wivu huanzia hapo.

Mama Germaine hakujali. Ana uchungu wake: Yvette, mama ya bwana arusi, anatangaza kwamba sisi watu wa Kasai hatutajaza hata benchi mbili kanisani. Ndugu wangetoka wapi? Treni ya kutoka kwetu haijaonekana hapa Kindu miezi miwili.

Jumamosi, 13 Julai
Filimbi imelia toka nyumbani kwa bibi arusi mpaka kanisani. Kindu yote ikatoka na mizigo! Magunia, kuku, mbuzi wawili, wote mbio kwenye gare kuwahi treni. Papa Badibanga, mkuu wa gare, alivaa kofia na kushika bendera. Reli tupu. Wakafuata sauti. Wakatukuta kanisani.

Nimehesabu: 312, bila mbuzi. Chakula kilikuwa cha themanini.

Mama Germaine alinishika kola. "Ee Papa Mulamba, unaniletea treni ku harusi ya mutoto wangu?" Nikajua nimekwisha. Lakini wale watu, wakiona bibi arusi, walianza kuimba. Walijaza upande wetu wote, wakasimama hadi nje. Yvette kauliza kwa sauti ndogo kama hawa wote ni ndugu. Mama Germaine akaachia kola yangu, akajinyoosha. Akamjibu kwamba wengine bado wako njiani.

Jumatatu, 15 Julai
Magari matatu ni yangu kutunza! Gédéon aliyaona yakiingia kwangu, akafunga mlango wake saa nne asubuhi.

Sharti moja. Papa Badibanga kafika na hasira, watu arobaini wamelala gare na mizigo yao, bado wanangoja treni. Nimeapa mbele yake na mbele ya Mama Germaine: sauti ya treni, basi, haitalia tena. Tundu nimeliziba. Gari kimya.

Jioni kaja Papa Aimé. Anaozesha binti Agosti, na ukoo wake ni mdogo. Treni nimekatazwa. Meli ya mtoni hakuna aliyetaja. Nimepata bomba nene, sauti yake nzito kama honi. Tundu moja lilileta 312, kwa hiyo nimetoboa mawili.