Unga wa Papai na Nyama ya Ntheo

Jumatatu, 12 Agosti 1996
Moyo umechoka. Daktari hakunificha. Basi nitaandika ukweli humu, maana kwingine sijauzoea. Jumamosi wakwe wanaleta mbuzi wa ntheo kumposa mjukuu wangu Mwelu, niliyemlea hapa Nairobi, mtaa wa Lucky Summer, tangu wazazi wake wafariki. Kwetu Ukambani, mzee wa nyumba asipoila nyama hiyo mbele ya wageni, amekataa. Nina meno manne, na hayakutani. Mdogo wangu Munyao anayo yote. Ameniuliza, kwa upole wa fisi, kama ningependa anitafunie. Nikizikwa baadaye, sawa. Lakini Mwelu nitamwoza mimi!

Jumanne, 13 Agosti
Sikufundisha kemia bure. Utomvu wa papai bichi una kimeng'enya kinachovunjavunja nyama. Tone moja kwenye maziwa, yakaganda! Lakini sitaki kuonekana nikipaka papai kama muuza mishikaki. Nataka unga mweupe, ufanane na chumvi. Njia ipo: unamimina kileo kikali, kimeng'enya kinajitenga na kutuama chini. Sharti kila kitu kiwe baridi kama barafu. Kileo hukinyang'anya kimeng'enya maji yanayoshikilia umbo lake. Penye joto, umbo linafumuka, kazi inakwisha. Hilo niliwachapia watoto wa watu viboko.

Jumatano, 14 Agosti
Chang'aa, kile kileo kikali nilichotaka, imefika kutoka Mathare, ndani ya chupa ya dawa ya kikohozi. Mwelu aliinusa, akanitazama sana. Nikamwambia ni ya kuchulia magoti. Nikamwendea jirani, Bi Lela, mwenye friji. Akasema, Babu, leta chupa yako, rafu iko wazi, ila maringo yako yaache mlangoni. Maringo! Mimi! Sikurudi. Huu ni Agosti, Nairobi yenyewe ni friji. Nimechanganya chumbani. Kitu cheupe kimetuama. Safi!

Ijumaa, 16 Agosti
Kile kitu cheupe hakikauki. Nje ni wingu tupu. Nimekiweka kando ya jiko la makaa, kikakauka upesi. Unga mzuri ajabu. Nimeujaribu kwenye maziwa. Hayakuganda. Maziwa ya siku hizi wanatia maji mno.

Jumamosi, 17 Agosti
Asubuhi niliunyunyiza unga kwenye kipande changu cha paja kabla hakijachomwa. Wageni walijaa sebuleni. Munyao alinipa nyama kwa mikono miwili, akaninong'oneza, Kaka, nafasi bado ipo. Nikaitia mdomoni. Ngumu kama kandambili! Nikatafuna. Nikatafuna. Mzee wa upande wa pili akaweka kikombe chini. Nikamwona Mwelu amefumba macho. Alidhani ninamkataa mchumba wake.

Nikameza. Nzima nzima! Ikasimama kooni, ikasimama kifuani, nikaona giza, ikashuka. Machozi yakanitoka. Wakasema ni ya furaha, wanawake wakapiga vigelegele. Mwelu akapiga magoti, akanishika mikono. Viganja vyake vilikuwa vimelowa jasho la hofu. Basi na machozi ya furaha pia yalikuwemo.

Jumapili, 18 Agosti
Kifua kinauma. Hata uji haupiti. Mwelu hajatoka kando ya kitanda tangu alfajiri. Ameniambia, Babu, pumzika sasa, umeshaniozesha, kazi yako imekwisha. Nilitaka kumwambia kila kitu. Nikamwambia tu afungue dirisha.

Imekwisha? Arusi ya kanisani ni Desemba. Ng'ombe mzima! Na Munyao atakaa meza ya mbele na meno yake yote. Lazima nifike.

Kosa nimeshalijua: chang'aa ilikuwa chafu. Mwelu ana kichupa cha asetoni cha kutolea rangi ya kucha. Hicho ndicho kiyeyushi safi, badala ya kileo! Nimemwomba aniachie, na hakuuliza cha nini. Halafu Desemba kuna jua. Sitahangaika na jiko tena. Unga nitauanika juu ya mabati saa sita mchana, ukauke mara moja.