Miwani ya Msemaji wa Ukoo

Jumatatu, 9 Juni. Bweri, Musoma.

Mkoa wa Mara ungekwama bila mimi. Sijisifu, naandika tu ilivyo. Mwaka juzi nilikohoa kwenye kikao cha maji, bomba likatoa maji wiki ileile. Watu wanajua.

Leo kikao cha ukoo. Jumamosi wanakuja wageni wa Butiama na barua ya posa ya Rebeka, mtoto wa marehemu kaka yangu. Baba yake mdogo ni mimi. Nimemlea mimi. (Yeye anasema alijilea, lakini alikuwa mdogo, hakumbuki.) Msemaji awe nani? Mimi! Nani tena?

Danford, wanasema. Binamu yangu, karani mstaafu wa pamba kule Bunda. Hana sauti. Hana kifua. Ana miwani. Anaishusha puani, anakutazama kwa juu yake, na wazee wote wanajikuta wamekaa vizuri.

Shangazi Nyamburi, ambaye neno lake kwenye ukoo ni muhuri, akasema msemaji ni yule atakayesoma barua mbele ya wageni bila kukwama. Akanitazama. Akakumbusha msiba wa Aprili, niliposoma rambirambi karatasi ikiwa juu chini. Nikasema nilikuwaga nimeikariri. Wakacheka mpaka chai ikapoa.

Saa kumi likapita gari la matangazo. Watu wa macho wamefika! Wanapima na kutoa miwani bure kwa wenye kipato cha chini. Mimi macho sina shida. Nikisimama Bweri naona samaki furu akijigeuza ziwani. Lakini miwani ni heshima. Nitajifanya sioni. Danford kwisha!

Jumanne, 10 Juni.

Kikwazo. Kumbe lazima uwe na barua ya serikali ya mtaa inayothibitisha kwamba huna uwezo. Mimi! Na heshima yote hii!

Nikaenda. Mwenyekiti wetu, mama Marcelina, alikuwa na foleni ya watu tisa. Nikamnong'oneza. Akanijibu kwa sauti ya kuitia mbuzi: "Kipato cha chini? Wewe, mzee Bernado? Si ulituambia ng'ombe zako za Bunda ni nyingi mpaka zingine hazijawahi kukuona?"

Nikasema zimekufa. Akauliza, zote? Zote. Lini? Jana. Foleni nzima ikanipa pole. Mama mmoja akataka kuchangisha.

Marcelina akaandika barua ndefu huku anatabasamu, akagonga muhuri. Sikuisoma. Mwanga wa ofisi ile ni mbaya, na mkono wangu mfupi. Nikaitia kwenye bahasha ya kaki, mfuko wa ndani wa koti. Kufika ukumbini, watu wa macho wameshafunga virago. Alhamisi watakuwa Nyasura, Bunda. Nitawafuata.

Alhamisi, 12 Juni. Nyasura.

Maafa.

Mapokezi walisoma barua yangu, wakaitana watatu waisome pamoja. Nikajua imeandikwa vizuri. Wakanirudishia kwa mikono miwili.

Kipimo chenyewe ni ubao wa herufi ukutani, kubwa juu, ndogo chini. Mpango ulikuwa nikwame mstari wa kwanza tu. Rahisi! Lakini kwenye benchi nyuma yangu nikasikia mtu akimwambia mwenzake, huyu hata shule hakwenda. Damu ikapanda. Nilifika darasa la nne mimi, na la tano nililichungulia! Nikausoma mstari wa kwanza. Wa pili. Nikashuka mpaka chini kabisa kwenye punje, nikamalizia na jina la kiwanda lililoandikwa pembeni. Benchi likapiga makofi.

Mpimaji akasema macho yangu ya mbali ni ya kijana wa miaka ishirini. Akasema nisiondoke, kuna kipimo cha karibu. Lakini mtu akishapigiwa makofi hukaa tena? Nikainama kidogo, nikatoka. Nilishafika barabara ya lami nilipokumbuka nilichokuwa nimefuata.

Danford ananipigia simu. Anauliza kwa upole mno, kama nikiona siwezi, yeye yupo tayari. Nikamwambia mtandao unakatika.

Ijumaa, 13 Juni. Butiama.

USHINDI!

Watu wa macho wamehamia huku, ndiyo siku yao ya mwisho, nikawa wa nne mlangoni. Bibi wa mbele yangu alipewa miwani, sindano na uzi. Akatunga mara moja. Akautoa uzi, akatunga tena. Kisha akapiga kigelegele mwenyewe, peke yake, na hakuna aliyemcheka. Hata mimi jicho lilipata vumbi.

Mpimaji ni binti mmoja, Tabitha, mpole. Ubao wa ukutani nikamwambia tuuache, tumeshazoeana. Akanipa kikadi chenye maandishi, nikishike karibu. Hapo ndipo nikaigiza. Niliigiza jamani! Nikakisogeza mbali, nikakisogeza karibu, nikakipeleka dirishani. Nikasema naona dagaa waliomwagika. Akauliza, hata kichwa cha habari? Nikasema hata mkia. Tangu lini, baba? Nikasema miaka minne hivi. Mwigizaji wa hali ya juu. Karibu anililie.

Akanivalisha kioo, akabadilisha, akabadilisha tena. Ghafla herufi zikanenepa! Nyeusi, kila moja na miguu yake. Nikasoma kadi nzima kwa sauti, nikaigeuza nikasoma na nyuma. Akanipa miwani, bure kabisa, na onyo: ni ya kusomea tu, nisitembee nayo.

Nikatoka nimeivaa. Ukiwa na gari unalisukuma? Pale nje nikamwamkia mzee mmoja mara tatu, shikamoo, shikamoo, hajibu. Mtu akaniambia ni pipa la maji.

Jumamosi, 14 Juni. Bweri.

Naandika polepole.

Wageni walifika saa nne, suti na vitenge, wakiongozwa na mzee Masatu, baba wa kijana. Nikavaa miwani, nikaishusha puani. Danford akaiona, akavua yake akaifuta. Shangazi Nyamburi akasema haya, Bernado, tuone.

Masatu akanikabidhi barua yao. Bahasha ya kaki. Nikaitia kwanza mfuko wa ndani, taratibu, kama mtu wa madaraka. Nikahutubia dakika ishirini. Nikagusia ng'ombe. Ndipo nikachomoa bahasha, nikafungua, nikaanza.

Herufi zimenenepa vilevile! Raha niliyoipata! Kila neno linakuja lenyewe. Sauti nikaipandisha mpaka majirani wakasimama kwenye michongoma. Utamu wa kusoma ukanizidi, maana sikuisikiliza kabisa. Nilisoma hivi:

"Namtambulisha kwenu ndugu Bernado, miaka hamsini na nne. Hana kazi. Hana ng'ombe hata mmoja isipokuwa wa maneno. Nyumba anayoiita yake ni ya Rebeka, aliachiwa na marehemu baba yake. Ni mtu mwema, ila msimsikilize. Tafadhali mpeni miwani."

Hapo kwenye miwani ndipo nikasikia ninachosoma.

Masatu akauliza kwa adabu kama sasa ninaposwa mimi. Uwanja ukapasuka. Shangazi akajifunika kitenge uso mzima. Danford akanyoosha mkono, akasema lete, nisome mimi ile yenyewe.

Ndipo Rebeka akatoka ndani. Nikajua ndiyo mwisho wangu, ananiaibisha zaidi. Akapiga magoti, akaingiza mkono mfukoni mwangu, akatoa bahasha ya wageni akaniwekea mkononi. Akasema, "Soma wewe, ba'mdogo. Leo unaona."

Nikaisoma. Mwanzo mpaka sahihi. Sikukwama hata kwenye mkato. Mwishoni nikavua miwani nikaifuta, pilau lilikuwa na moshi.

Masatu akasema nyumba nyingi amekwenda, kote wanamficha mjinga wao, hapa wamemweka mbele na muhuri juu. Kwa watu wa wazi hivyo, mwanawe aoe. Vigelegele!

Jumapili, 15 Juni.

Ukoo umekaa asubuhi. Kwenye mahari atasema Danford, mimi nitakuwa msomaji. Nimepandishwa cheo! Asiye na cha kusoma atasema nini?

Nimewaeleza watu kanisani kwamba ile barua niliichomoa makusudi. Mbinu. Unawachekesha wageni, unawapata. Wamesema ndiyo, ndiyo. Nikatoka nimevaa miwani, nikakosa ngazi mbili.

Nimesikia pia mwezi ujao Bunda watakuja watu wa meno, bure kwa wenye kipato cha chini. Meno yangu ni ya mamba, sina shida nayo. Ila Danford ana jino la dhahabu. Kesho namwona Marcelina anipe barua nyingine. Ng'ombe zilizobaki nazo zimekufa.

Jambo moja dogo, na liishie kwenye ukurasa huu. Kule Butiama, kwa yule Tabitha na kile kikadi. Sikuigiza.