Bahari Isiyotiwa Maji

Jumatatu, 3 Mei 2004

Madam Mugure ameondoka asubuhi kwenda Eldoret, mambo ya mahari ya binti yake. Anarudi wiki ijayo. Mimi Wasike, mpimaji wa maziwa miaka minane katika duka lake la maziwa hapa Kitengela, nimeachiwa tangi la samaki wa baharini. Alilinunua kwa mzungu wa shamba la maua aliyekuwa anarudi kwao. Akikuta kila kitu kiko hai, nitakuwa meneja wa duka jipya la Kajiado. Meneja! Lorine mke wangu ameshapiga simu kwetu Bungoma.

Bahari sijawahi kuiona. Leo nimekaa mbele ya lita mia moja za bahari mpaka chai ikapoa. Kuna samaki wawili wa rangi ya machungwa wanaolala ndani ya kiumbe laini chenye vidole vingi. Kuna mawe yaliyo hai, yanaitwa matumbawe. Yana midomo midogo, na yanaifungua kama vifaranga. Nilishtuka kuona nimevua kofia.

Jumanne, 4 Mei

Msiba. Nimeosha kipimo cha chumvi cha mzungu pamoja na mikebe ya maziwa, kwa maji moto. Kilikuwa cha plastiki. Sasa kimejikunja.

Hofu dakika tano. Halafu akili ikaja. Kadi ya maelezo aliyoiacha mzungu inasema maji yasome 1.026. Laktomita yangu, kile kijiti cha kioo kinachoelea ndani ya maziwa kuonyesha kama yameongezwa maji, inasoma hizo hizo namba, zile mbili za mwisho. Nikaiteremsha kwenye tangi. Ikayumba, ikatulia. Ishirini na sita!

Nilikaa chini. Kijiti kinachopima ng'ombe wa Isinya kimepima bahari. Nikajiuliza ni nani alitia chumvi bahari nzima, mpaka huko isikofika meli, na kila pembe ikatoka sawa. Mimi mikebe ishirini kila asubuhi inanitoa jasho.

Lakini nikafikiria tena. Hapa kwetu, ishirini na sita ndio mstari wa wezi. Chini ya hapo maziwa yanarudi nyumbani. Maziwa ya mtu mwaminifu yanasoma thelathini. Basi mzungu amemuuzia Madam bahari ya kuongezwa maji. Nimetia kikombe kimoja cha chumvi kutoka kwa ndoo ya ng'ambo iliyokuja na tangi. Atakuja akute bahari nzito.

Jumatano, 5 Mei

Ishirini na nane. Tunaelekea vizuri. Maji yameshuka vidole viwili, nikajaza kwa maji ya chumvi.

Priscilla akapita na maziwa. Huyu ni mama wa upande wa Isinya ambaye mwaka huu nimemrudishia maziwa mara nne. Akanisalimia kwa Kimaasai, sopa, nikaitikia epa, bila kutabasamu. Akachukua kadi ya mzungu akaisoma yote, mbele na nyuma. Mimi nilisoma namba tu, hiyo ingine ni Kiingereza cha mwandiko mdogo. Akasema jua linakunywa maji na kuacha chumvi, ndiyo maana Ziwa Magadi liko vile lilivyo, chumvi tupu. Kwa hivyo kinachopungua kijazwe kwa maji matupu.

Nilimwambia nimengoja miaka minane akiri kwa mdomo wake kwamba anapenda kuongeza maji. Alicheka mpaka akashika mlango.

Alhamisi, 6 Mei

Kikombe cha pili. Thelathini! Ndoo ya chumvi imeisha, lakini kazi pia imeisha.

Saa kumi jioni matumbawe yamefunga midomo yote. Nilidhani yameshiba. Samaki mmoja amejibanza kwenye kona, anapumua haraka haraka. Lorine ameniuliza tutawaambia nini watu wa Bungoma. Sikula.

Ijumaa, 7 Mei

Samaki amelala ubavu. Nimemwomba msamaha bila kujua nimemkosea nini. Machozi yalikuwa karibu, sitaficha.

Nikaamua ni chumvi haijatosha. Nikakimbia soko nikanunua magadi, ile ya kulainisha maharagwe. Kurudi nikamkuta Priscilla kando ya tangi. Akanipokonya pakiti. Akauliza kama Madam ameagiza samaki wake hai ama wameiva. Halafu akanituma niangalie mashine ya kupoza maziwa, eti inanguruma vibaya. Nikaenda. Ilikuwa imenyamaza kabisa.

Jumamosi, 8 Mei

Samaki amekula! Laktomita inasoma ishirini na nane. Sielewi chumvi inakwenda wapi. Labda wanailamba, kama mbuzi.

Maziwa ya Priscilla nimeyapokea yote leo, lakini ameondoka na galoni ya lita tano iliyojaa. Sikuuliza. Nilikuwa na foleni.

Jumapili, 9 Mei

Baada ya kanisa nilimleta Lorine. Midomo yote ilikuwa wazi. Kutoka kwa kibomba kidogo kama mrija wa soda, kitu kama unyoya kikachomoza. Nikasogeza kidole, kikajificha. Nikangoja. Kikarudi. Lorine akavuta kiti, akakaa uso karibu na kioo. Mwishowe akasema ni kama tumemkuta Mungu bado yuko kazini.

Jumatatu, 10 Mei

Madam amerudi, na ndoo mpya ya chumvi. Alishika kifua kwa furaha. Akauliza nimefanya nini. Nikasema nimelinda tangi, halijaongezwa tone la maji.

Priscilla alikuwa mlangoni. Akaweka mikebe chini akasema tangu Ijumaa kila asubuhi amechota lita tano na kutia lita tano za maji ya mvua kutoka kwa tangi la paa. Yale ya chumvi amewapa mbuzi, na wameyapenda. Madam akasoma kadi kwa sauti, nikiwa nimesimama hapo. Kinachopungua kinajazwa kwa maji matupu. Chumvi haiendi popote.

Uamuzi: Priscilla ataangalia maji, na atalipwa. Mimi nipime na kuandika tu. Wote wakiwa hai tarehe kumi Juni, Kajiado ni yangu. Akifa hata mmoja, Kajiado ni ya Priscilla.

Nimempa Priscilla mkono. Nimemwomba radhi kwa zile mara nne, kutoka moyoni. Nimeelewa kila kitu.

Jumanne, 11 Mei

Ishirini na sita. Nimeandika. Priscilla akamimina jagi zima la maji ya mvua mbele ya macho yangu, huku anaimba. Sasa haifiki hata ishirini na sita. Nimeandika hiyo pia.

Akaondoka. Yule samaki akaja kwenye kioo akanitazama. Maskini, hana mdomo wa kulalamika. Tarehe kumi Juni ni mbali, na mimi ndiye mtu pekee hapa ambaye hajawahi kukubali kitu cha kuongezwa maji.

Nimetia vikombe viwili tu. Thelathini kamili. Lorine ameanza kufunga vyombo vya kuhamia Kajiado.