Nne ya Mzee Casimir

Jumatatu, 7 Oktoba
Kadi imerudi! Nimeifungulia chooni, mlango nimeutia komeo. Ni kadi ya besiboli, zile zenye picha ya mchezaji ambazo watu hukusanya, ya baba mkwe, Mzee Casimir Wozniak, enzi alipokuwa mrushaji wa timu ya mji wetu hapa Ohio. Hana nyingine. Niliichomoa drooni mwake kimyakimya, nikaituma kwa wapima kadi, wale wanaoipa kadi alama kuanzia moja hadi kumi na kuifungia ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo. Jumamosi mzee anatimiza miaka sabini na mitano. Siku hiyohiyo atatangaza nani anashika funguo za duka lake la rangi: mimi, au Duane, mwanyumba wangu, aliyemwoa dada wa mke wangu. Zawadi hii ilikuwa ya kummaliza Duane.

Picha ni ya mzee. Lebo inasema: Vernon Dudek.

Dudek! Mtu aliyempokonya mzee nafasi yake uwanjani na mchumba wake wa kwanza, msimu mmoja! Jina hilo halitajwi nyumbani. Shangazi mmoja alilitaja siku ya Krismasi, hajaalikwa tena. Alama waliyotoa ni nne.

Jumanne, 8 Oktoba
Nimewapigia simu. Dada wa huko, mpole kama nesi, kakiri kosa ni lao. Nirudishe kadi, wataweka lebo mpya bure, nisubiri wiki kadhaa. Wiki! Mke wangu Lorna kasema irudishe tu, na baba nimweleze ukweli. Ukweli! Kaongeza kwamba akili nyingi huondoa maarifa.

Duane kanikuta dukani nyuma ya makopo ya rangi, kasha nimelificha shatini. Akauliza nina nini kifuani. Nikasema kikohozi. "Kikohozi chenye pembe nne, mwanyumba?" Akaondoka anacheka. Anajua kitu.

Jumatano, 9 Oktoba
Nimepata! Mashine ya kuchapa lebo za makopo ya rangi, ipo hapahapa dukani! Nikachapa jina la mzee kwa herufi safi. Shida ni kwamba lebo inakaa ndani ya kasha, na kasha limegandishwa. Nikalipasua kwa bisibisi ya kufungulia makopo. Ncha iko karibu kabisa na pua ya mzee. Krak! Kadi salama. Jasho hadi kwenye soksi.

Kisha nikawaza. Mashine inachapa chochote. Nani kaniamuru nne? Nikachapa KUMI.

Gundi niliyolifungia tena kasha imeacha ukungu kidogo pembeni. Ukisimama mbali huuoni.

Alhamisi, 10 Oktoba
Balaa! Bi Tillman karudisha kopo. Lebo inasema rangi ya krimu, ndani ni nyekundu ya gari la zimamoto. Kumbe jana kwa haraka zangu nilibandika lebo za makopo ovyo. Kapaka nusu ya chumba cha mama yake. Bibi wa watu kaamka, akadhani nyumba inaungua.

Mzee hakufoka. Alininong'oneza, na hilo ndilo baya zaidi, kwamba asiyejua kilichomo kwenye kopo asiandike juu yake. Duane kambebea Bi Tillman kopo jipya hadi garini. Mnafiki mkubwa! Mzee akamtazama kwa upendo. Naziona funguo zinavyoniponyoka. Sasa tegemeo langu ni ile kumi.

Ijumaa, 11 Oktoba
Mzee kapekua droo. Kadi haipo. Katuita jikoni mmoja mmoja, uso umemsawijika. Zamu yangu ilipofika, Duane alikuwa bado mlangoni. Sikusema kitu. Nilimtazama tu Duane, mpaka mzee naye akamtazama.

Sikusema uongo hata neno moja.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nyumba imejaa. Pierogi, zile sambusa za Kipolandi za kuchemsha, soseji, keki. Duane katoa ndoano ya kuvulia samaki. Yangu nikaiweka ya mwisho.

Mzee akafungua karatasi. Akasoma jina lake. Machozi yakamlengalenga. "Kumbe ilikuwa kwako, mwanangu." Akamwomba Duane radhi mbele ya watu wote. Nilishaanza kuzisikia funguo mfukoni mwangu!

Kisha akavaa miwani. Akaiona kumi. Akapitisha kidole juu ya plastiki, pale kadi ilipo na mkunjo katikati ya kiwiko chake pichani. Akasema mkunjo ule ni wake. Aliikalia kadi ile basini, siku timu ilipomwacha, na hakuinuka mpaka mji wa Dayton. Sasa ni nani huyo anayeipa kumi kadi iliyokaliwa?

Gundi ikaachia. Kasha likafunguka mikononi mwake, lebo yangu ikamnasa kwenye dole gumba. "Russ. Niangalie."

Nikamwaga yote. Hata Dudek. Shangazi mwingine katonesha mchuzi kwenye gauni.

Mzee akasema Dudek ni kosa la watu wasiomjua. Kumi ni la mtu anayekula mezani kwake. Akauliza wao walimpa ngapi. Nikasema nne. Akaitikia kwa kichwa, taratibu. "Nne ni haki yangu. Nirudishie nne yangu."

Funguo akampa Lorna.

Jumapili, 13 Oktoba
Lorna, bosi wangu sasa, kaniagiza kesho niitume kadi kwa wapima pamoja na ile lebo ya Dudek, nieleze kila kitu. Nimekubali. Nimelia kidogo pia. Nampenda yule mzee, na nimemtia aibu siku yake.

Lakini nimekaa na kadi mezani, nautazama ule mkunjo. Nne? Mzee wa watu, nne? Kuna jamaa mtandaoni anaapa kwamba mkunjo hutoka kwa kitambaa chenye unyevu na pasi. Ikirudi na saba, itakuwa saba ya halali, wametoa wenyewe! Sitakuwa nimechapa kitu.

Lorna yuko kanisani. Pasi imeshapata moto.